Majani Yaliyokufa Mvua Iliporudi

Nawaona wanafunzi wa kilimo wakishuka kwenye basi dogo hapa Rumonge, buti mpya, kofia mpya, simu mkononi, wanauliza njia ya kupanda milimani kupima majani. Ninawaonyesha njia. Sisemi zaidi ya hapo, maana wana haraka, na mimi machoni pao ni bibi wa mtaa wa Waislamu mwenye mtandio na kikapu cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nani atadhani kwamba maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nakata majani, nayakausha, nayapima? Kwa hiyo nawaandikia. Mwanzo wa habari hii unachekesha kidogo. Mkifika mbele mtaona kicheko kinakoma, na msinilaumu.

Jina langu Zena. Baba yangu aliuza ndagala kavu na mafuta ya mawese karibu na soko, na mimi nilikulia nyuma ya mizani yake. Nilipomaliza sekondari nikasikia kwamba kituo cha malisho, kule juu upande wa Bugarama, kinatafuta mtu anayejua kusoma balansi, yaani mizani, vizuri na asiyeogopa kulowa. Balansi niliijua tangu utotoni. Kulowa, mtoto wa ziwani atakuogopaje? Nikapata kazi. Shangazi yangu aliposikia alishika kiuno.

"Umesoma miaka yote hiyo ili ukate majani? Ng'ombe anakata bila diploma!"

Mtaa mzima ulicheka, na kusema kweli hata mimi nilicheka.

Kituo chenyewe kilikuwa uwanja mkubwa wa majani ya zamani ambayo hayakuwahi kulimwa. Tulikuwa na vipande vingi vya uwanja, kila kimoja na mvua yake. Kuna vipande tulivyoviacha wazi, vikanywa mvua yote Mungu aliyoileta. Vingine tulivijengea paa la mifereji ya plastiki inayopitisha mwanga, mfereji mmoja, nafasi moja, mfereji, nafasi, hivyo nusu ya mvua inaanguka kwenye majani na nusu inakimbilia kwenye pipa. Na vingine tuliviwekea paa zima, halafu tukavimwagilia mvua yote iliyonyesha, lakini kwa mafungu makubwa machache, na katikati ukavu mrefu. Swali lilikuwa moja: majani yanafanya nini mvua ikibadilika?

Mkuu wetu alikuwa Injeniya Goreti, mama mrefu wa Gitega asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyepanga vile vipande, na alijua kwa nini kila kimoja kipo. Lakini aliyenifundisha mikono ni Muzee Leonidas. Alikuwa mfugaji wa kilima jirani, mwenye ng'ombe wake mwenyewe, na Goreti alimwajiri kwa sababu aliyatambua majani hata yakiwa bado sindano. Siku yangu ya kwanza alinipa kare, yaani fremu ya chuma ya pembe nne, akanipa na mundu.

"Tupa kare. Pale inapoanguka, kata kila kitu kilicho ndani. Usichague."

Nikaitupa. Ikaanguka kwenye upara, majani matatu manne yamesimama. Nikainama niiokote niitupe tena mahali pazuri. Akanigonga mgongoni na fimbo, polepole.

"Eh, mutoto wa Rumonge! Upara nao ni jibu."

Hilo lishikeni. Ukichagua mahali pazuri pa kupima, kaa nyumbani tu, andika unachotaka.

Mengine niliyojifunza kwake ni haya. Majani yaliyokatwa yanawekwa kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kwenye plastiki yanatoka jasho, yanaoza, na uzito unaoupata ni uzito wa uozo. Usikate asubuhi umande ukiwepo. Tenganisha yaliyo hai na yaliyokufa palepale uwanjani, maana yakishakauka kwenye furu yote yanafanana. Furu ndilo jina tulilolipa tanuri letu la kukaushia. Na funga mlango wa chumba cha furu. Mbuzi wa mlinzi aliingia mara moja akala mifuko ya msimu mzima pamoja na karatasi zake. Goreti alisimama akamtazama yule mbuzi akitafuna, akamgeukia Leonidas.

"Tumupime huyu basi. Majani yote iko ndani."

Ndiyo mara pekee nilipomsikia akifanya mzaha.

Watu wa kilimani kwanza walituogopa. Walidhani mapaa yale yanafunga mvua. Wazee walikuja kwa kundi, wakasimama getini, wakasalimu amahoro, amahoro, kisha wakasema: tangu mumejenga vitu hivi mawingu yanapita juu yetu yanaenda kunyesha Kongo. Leonidas hakubishana nao. Aliwakaribisha, akawapa viti chini ya paa lenyewe, wakangoja. Mvua ikaja. Maji yakapita kwenye nafasi, yakawamwagikia shingoni, wakaruka huku wanacheka na kutukana. "Mumeona?" akasema. "Hata paa haliwezi kuifunga. Linaigawa tu." Wakaondoka wameridhika, au tulidhani hivyo. Neno kama lile haliondoki. Linakaa tu linangoja siku mtu atakapolihitaji.

Sasa niwaambie majani yalitufundisha nini, maana bila hilo hamtaelewa ubaya uliofuata.

Umukenke, yale majani marefu ya milima yetu, huota kwa mafungu. Fungu zima tuliliita shina. Unaloliona juu ni sehemu ndogo. Mwili wake uko chini. Ukipunguza mvua mwaka wa kwanza, majani yanapungua kidogo tu kuliko ulivyotegemea, na watu wanapumua: aa, yamevumilia. Hayajavumilia. Yanakula akiba ya mizizi. Mwaka unaofuata yanapungua zaidi. Ukavu ukiendelea, shina linaanza kufa katikati, linabaki kama pete, kijani pembeni na upara ndani. Ukitaka kujua kama lipo hai, usitazame rangi. Piga goti, shika chini kabisa, vuta. Likikataa, na ukichambua ukakuta weupe mgumu, lipo. Likitoka mkononi kama nywele za mgonjwa, limekwisha.

Na lile la mafungu makubwa? Mvua ileile kwa jumla, lakini ikija kwa kishindo halafu inanyamaza muda mrefu, majani yalikuwa machache kuliko yale yaliyonyeshewa kidogokidogo. Ardhi ilikuwa inakunywa pale juu tu, mvua nyingine inakimbia, nyingine jua linaichukua. Ndiyo maana mtu akiniambia "mwaka huu imenyesha sana" namuuliza imenyesha vipi.

Lakini somo kubwa lilikuja tulipoyatoa mapaa kwenye baadhi ya vipande. Goreti alisema: tuyape sasa mvua kamili, tuone. Mvua ikashuka, na vile vipande vikawa kijani haraka, kijani kizuri cha kupiga picha. Tukapiga magoti. Kijani kile kilikuwa magugu, vitu vya msimu mmoja, vinaota leo na kesho vimekuwa vumbi. Umukenke wenyewe ulikuwa umetoa majani machache membamba. Nguvu zake zote zilikuwa chini, unajenga mizizi upya. Tulipolikata shina mwaka ule, likafa. Shina la jirani, ambalo halikukatwa, mwaka uliofuata lilisimama kama zamani.

Leonidas alikaa kitako kwenye udongo. Alikuwa mfugaji, alielewa kabla sijaelewa.

"Kumbe tunayaua mwaka wa kushukuru," akasema. "Mwaka wa ukame ng'ombe hakuna cha kula, anaacha. Mwaka mvua inarudi, tunafurahi, tunafungulia zizi."

Goreti alikuwa amesimama nyuma yetu. "Ndiyo," akasema. "Mwaka huo ndio wa kuogopa."

Kisha ukame ukaja wa kweli, usio wa plastiki. Ici, ule msimu mkavu wetu, ilikuwa inarefuka, na mvua za kwanza zilikuwa zinadanganya: zinanyesha, majani yanachomoza, kisha jua linarudi na kuyachoma. Ikaendelea hivyo msimu baada ya msimu. Mlima wa malisho wa watu wa Leonidas, ambao sitautaja jina kwa sababu wenyewe bado wapo na wana aibu yao, ukawa kama kichwa cha mtu anayeugua. Ng'ombe walikonda, wengine walikufa. Huku chini Rumonge watu walisikia tu bei ya maziwa. Niliyaona mwenyewe kwa sababu nilipanda kila juma.

Mvua nzuri iliporudi, Goreti na Leonidas hawakungoja. Waliitisha mkutano mlimani. Na mimi nilikuwepo, na nilisema.

Leonidas alileta mashina mawili aliyoyang'oa, moja lililopumzishwa, jingine lililoliwa, akayapitisha mkono kwa mkono ili watu waone mizizi. Lile la kwanza lilikuwa na mizizi mirefu kama mkono. Lile la pili lilikuwa na ndevu.

"Tuuache mulima," akasema. "Mvua zote hizi, tusipande na ng'ombe hata mmoja. Tuwafunge nyumbani, tuwakatie urubingo, yale matete ya kwenye mitaro. Ambaye ng'ombe wake ni wengi kuliko urubingo wake, auze."

Mtu mmoja, Sirilo, mwenye sauti kubwa, akasimama. "Ng'ombe wetu wamefunga mwaka mzima. Sasa majani iko, unasema tuyaangalie kwa macho?"

"Hayo unayoyaona si majani. Ni magugu."

"Ng'ombe hajui magugu."

Watu wakacheka. Hapo nikasimama mimi. Niliwaambia nilivyoyapima, nilivyoyaona yakifa mwaka wa mvua na si mwaka wa jua. Niliongea Kirundi changu cha sokoni, wakanicheka tena, lakini walisikiliza. Mwisho Sirilo akamuuliza Leonidas: "Na wewe Bihogo wako utamfanya nini?"

Bihogo alikuwa ng'ombe wake mwekundu, mama wa zizi lake. Kila mtu alijua kwamba mkewe, Kandida, alimlea kwa mkono tangu ndama. Leonidas alimtazama mkewe aliyekuwa amekaa na wanawake. Kandida akafunga kanga yake vizuri, akaangalia pembeni.

"Nitamuuza wa kwanza," Leonidas akasema.

Na akamuuza. Watu walipoona Bihogo anashuka barabarani akiwa na kamba shingoni, ubishi ulikwisha wenyewe. Wengine wakauza, wengine wakafunga ng'ombe zao nyumbani na kuhangaika na urubingo. Watu maskini, jamani, watu ambao ng'ombe ndiye mahari na ndiye daktari. Waliuacha mlima.

Mlima ukapona. Nataka mlijue hilo, kwa sababu hata nikifa nitakuwa nimeliona. Si wote, na si haraka, lakini tulipopiga magoti katikati ya msimu tulikuta machipukizi meupe yanatoka kwenye pete, yanajaza ule upara wa katikati. Maji ya mvua yalikuwa hayashuki tena mekundu. Jumapili, watu walikuwa wakitoka misa wanapanda na watoto wao kwenda kuangalia majani tu, kama mtu anayekwenda kuangalia nyumba yake inayojengwa. Sirilo mwenyewe nilimkuta amepiga goti, anavuta shina. Likakataa. Aliona aibu kwamba nimemwona, akainuka akajipangusa.

"Bon," akasema. "Iko nguvu."

Mvua zilikuwa zinakaribia mwisho malori yalipokuja.

Yalikuwa malori ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wageni, wakubwa, kila mmoja na alama ya plastiki sikioni. Wachungaji waliteremsha milango, ng'ombe wakashuka, wakaingia moja kwa moja kwenye yale majani yaliyofika kiunoni. Mimi na Leonidas tulikuwa kituoni tukasikia kelele. Tulipofika, wanaume wa kilima walikuwa wamesimama upande mmoja na fimbo zao, wachungaji upande mwingine na zao.

"Tumetumwa," mchungaji mmoja alikuwa anasema. "Msitupige sisi, tumetumwa."

Mwenye ng'ombe akaja baadaye kwa gari lake. Alikuwa mtu mkubwa wa mjini, mwenye maduka na urafiki na watu wa juu. Jina lake sitaliandika. Hakuwa na hasira. Alitusalimu vizuri, amahoro, amahoro, akatoa karatasi yenye muhuri inayosema mlima ni ardhi ya serikali na yeye ameruhusiwa kulisha.

Leonidas aliisoma mpaka mwisho, akairudisha kwa mikono miwili.

"Shefu, naomba unisikilize. Majani haya bado iko mgonjwa. Tumeyapumzisha. Yakiliwa sasa yanakufa, si kwa mwaka huu, yanakufa kabisa. Ngoja ici ipite, ngoja mvua zingine zishuke, halafu tuongee. Hata wewe utapata nafasi."

"Mzee, mgonjwa anafika kiunoni?"

"Nguvu iko chini, shefu. Njoo nikuonyeshe." Na akapiga goti pale mbele ya viatu vya yule bwana, akaanza kuchimba shina kwa vidole.

Yule bwana alimwangalia, akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayekuonyesha mdudu. "Mvua imerudi, mzee. Majani yapo. Ng'ombe wangu wana njaa. Unataka yaoze?"

Akapanda gari lake. Leonidas alibaki amepiga goti na udongo mkononi. Sirilo alinyanyua fimbo kumpiga mchungaji, wenzake wakamshika, maana karatasi ilikuwa na muhuri na sote tulijua muhuri unaleta nini baada yake.

Goreti aliandika barua kwa wakubwa, akasafiri mpaka Bujumbura, akarudi na uso uliofungwa. Akaandika tena. Jibu alilolipata lilikuwa la kumhamisha: akapelekwa kusimamia ghala la mbegu za mahindi mkoa mwingine. Siku ya kuondoka alizunguka vipande vyote peke yake. Aliponiaga alinishika bega, akasema, "Endelea kukata vizuri."

Ng'ombe wale walikaa mpaka majani yalipokwisha. Walikula mpaka chini, wakakanyaga yaliyobaki. Kisha malori yakarudi, wakapakiwa, wakaondoka kwenda kumalizia ici mahali pengine. Mtu mwenye malori anaweza kuhama na ng'ombe wake. Mlima hauhami, na watu wake hawahami.

Mvua zilizofuata zilikuwa nzuri. Tena naandika: zilikuwa nzuri. Tukapanda, tukavuta mashina. Yalitoka mkononi bila kulazimishwa. Kulikuwa na kijani, ndiyo, kijani cha magugu, kiasi kwamba ukipita na basi kwenye barabara ya Nyanza-Lac ungesema milima imependeza. Ici ilipokuja, kijani chote kikapeperuka.

Hapo watu wakatafuta wa kumlaumu, na yule bwana alikuwa mbali. Leonidas alikuwa karibu. Walisema alijua. Walisema alitumwa awanyime ng'ombe wao majani ili yanone kwa ajili ya tajiri. Lile neno la zamani la mapaa likafufuka: tangu walipofunga mvua kule kituoni. Walisema alilipwa. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuapa. Milango ilifunguliwa, watu wakasikiliza, wakafunga. Kwenye harusi ya mpwa wake mrija wa bia ya ndizi ulimpita ukaenda kwa mtu mwingine. Kwa Warundi wa kilimani hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mimi mwenyewe nilipopita na mifuko yangu ya karatasi, wanawake waliacha kunisalimu. Kandida peke yake ndiye aliyenijibu, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kunyamaza.

Ng'ombe wake waliobaki walikuwa wachache na hawakuwa na pa kula. Akaamua kuwapeleka Tanzania, kupitia mpakani Kabonga, maana alisikia kule ng'ambo majani bado marefu na mtu anaweza kukodi malisho. Alishuka nao mpaka Rumonge, akafikia kwangu. Hebu fikirini ng'ombe wa mlimani kwenye uchochoro wa mtaa wetu, karibu na msikiti, watoto wanapiga kelele, mume wangu anawatandikia maganda ya mihogo. Nilimpikia wali na samaki wa mukeke. Alikula kidogo.

"Zena," akasema, "kule kituoni munaendelea kupima?"

"Tunaendelea. Ila mapaa yamezeeka."

"Usiache kuandika ule upara."

"Sitaacha."

"Walidhani nililipwa." Alisema hivyo akiangalia sahani. "Ningelipwa, si ningebaki na Bihogo?"

Asubuhi aliondoka akifuata ufuo, ng'ombe mbele, yeye nyuma. Alivuka. Tulipata habari kwamba alikodi malisho, kwamba ng'ombe mmoja alizaa, kisha kwamba alishikwa na homa, kisha habari ya mwisho. Alizikwa kulekule na watu asiowajua. Kandida hajui kaburi liko wapi, na hakuna aliyerudi na fimbo wala koti.

Kituo nacho hakikudumu. Wafadhili walisema matokeo yametosha. Mapaa yetu yakaezeka mabanda ya kuku, nguzo zikawa kuni, na uwanja ambao haukuwahi kulimwa ukalimwa mihogo. Mimi nikapewa cheti cha shukrani chenye jina langu limekosewa, nikarudi Rumonge. Kisha zikaja mvua za kishindo. Mlima usio na mizizi hauwezi kushika kitu. Udongo ulishuka na mto mpaka mtaani kwetu, ukaingia ndani ya nyumba yangu, ukafunika magunia na zulia la kuswalia. Wakati nautoa kwa jembe niliukuta na vipande vya umukenke, mashina makavu, pete. Niliyajua kwa mkono hata kabla ya kuyaona.

Baadaye nikaitwa Bujumbura kwenye semina kuhusu mvua na malisho. Sijui nani alitoa jina langu. Hoteli nzuri, kila meza na chupa ya maji. Mstari wa mbele alikaa yule bwana, nywele nyeupe sasa, akitambulishwa kama mfugaji wa mfano. Alipewa nafasi akaeleza jinsi mabadiliko ya mvua yalivyoua malisho ya kusini. Alieleza kwa huzuni. Nadhani alikuwa anaamini.

Kisha wakaniita mimi, mama aliyefanya kazi ya majani, niseme neno. Nikasema kwa Kiswahili: mvua ilitutesa kweli, lakini ilirudi. Majani yalikuwa yanapona. Yaliliwa yakiwa yanapona. Nikanyamaza, nikamsikiliza mkalimani akiwaambia kwa Kifaransa kwamba mama anasema mvua ilichelewa kurudi, na anawashukuru wafugaji kwa ushirikiano.

Kifaransa cha sekondari ninacho. Nikachukua mikro tena, nikasema upya kwa Kifaransa changu kibovu, neno kwa neno, na mwisho nikanyoosha mkono: walioyala ni ng'ombe wa bwana huyu. Mwenyekiti akaangalia saa yake. "Murakoze cane, mama, asante sana. Sasa twende tunywe kahawa."

Wakatoka wote. Yeye akanifuata penye meza ya vikombe. Hakuwa amekasirika hata safari hii.

"Mama, umenionea mbele ya watu. Mwaka ule ng'ombe wangu walikuwa na njaa. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningefanya kama Leonidas."

Akakunja uso, anajaribu kukumbuka.

"Leonidas ni nani?"

Hakuwa ananidhihaki. Hakumjua kweli. Basi nikamweleza, nimesimama palepale, tangu Bihogo mpaka homa, mpaka Kandida asiye na kaburi la kwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kahawa ikimpoa mkononi. Kisha akasema, "Pole sana, mama," akaweka kikombe mezani, akarudi ukumbini kukaa mstari wa mbele.